Utabiri wa Mvua na Mkopo wa Pembejeo: Namna Chama cha Msingi Kinavyoweza Kuusoma na Kuutumia

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapoishia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli. Kabla ya masika kuanza hutangaza mwelekeo wake, na karibu na mwisho wa Oktoba hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu kwa sehemu zinazopata mvua mara moja kwa mwaka. Tangazo husomwa redioni, na siku hizi hupitishwa pia katika simu za mkononi. Katika vyama vingi karatasi yake hutiwa kwenye jalada na kusahauliwa. Katika vyama vingine huchukuliwa kuwa ni ahadi ya Serikali, na mvua isipokuja kama ilivyotajwa, wanachama huapa kutousikiliza utabiri tena.

Njia zote mbili huleta hasara, na hasara hiyo si ya mtu mmoja. Mkulima akipanda mbegu isiyofaa katika shamba lake mwenyewe, amekosea peke yake. Lakini chama kinapoagiza mbegu kwa mkopo na kuzigawa kwa wanachama wote, kosa moja la ofisini huzaa deni katika nyumba zote. Kwa sababu hiyo katibu na bodi wanapaswa kuelewa utabiri unatokana na nini, unasema nini, na unanyamaza wapi.

MKOA MMOJA, MVUA ZA NAMNA MBILI

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba mkoa wa Morogoro haumo katika kundi moja la mvua. Sehemu za kaskazini, pamoja na milima ya Uluguru, hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, kisha masika kati ya Machi na Mei. Sehemu za kusini, yaani bonde la Kilombero, Ulanga na Malinyi, huhesabiwa pamoja na mikoa ya msimu mmoja, ambao huanza Novemba na kumalizika Aprili. Katibu wa chama cha Ifakara anayefuata tangazo la vuli, na katibu wa Matombo anayengoja tangazo la msimu, wote wawili wamesoma karatasi isiyo yao.

Jambo la pili ni mlima wenyewe. Uluguru umesimama yapata kilomita 180 kutoka Bahari ya Hindi, nao huzikinga pepo zinazotoka baharini zikiwa zimebeba unyevu. Pepo hizo zikifika mlimani hulazimika kupanda juu. Zikipanda hupoa, na unyevu hugeuka kuwa mawingu na mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki, penye karafuu, mdalasini, pilipili manga na migomba ya Kinole, Tawa na Matombo, kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Morogoro, ulio chini ya mlima huohuo upande wa pili, hupata chini ya milimita 1000. Ukielekea Mlali na Melela, kivulini mwa mlima, mvua huzidi kuwa haba.

Tangazo likisema mvua zitakuwa "za wastani", basi, halisemi kwamba Kinole na Melela zitapata mvua sawa. Linasema kila mahali patapata kiasi kilicho karibu na kile kilichozoeleka mahali hapo. Kwa desturi ya Mamlaka, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Zikizidi hapo huitwa za juu ya wastani, na zikipungua huitwa za chini ya wastani. Katika miaka ya karibuni Mamlaka imekuwa ikitoa pia maelezo ya ngazi ya wilaya. Lakini hata wilaya ni pana mno kwa nchi ya milima, na chama kisichojua wastani wa mahali pake hakiwezi kujua neno "wastani" lina maana gani kwake.

BAHARI NDIYO CHANZO

Wataalamu huwezaje kusema lolote juu ya mvua za miezi mitatu ijayo, ilhali ni vigumu kujua mvua ya wiki ijayo? Jibu limo katika bahari. Hewa hubadilika kwa saa na siku. Maji ya bahari hupata joto polepole na kupoa polepole, kwa muda wa miezi. Anayejua hali ya bahari mwezi wa Agosti amekwisha kujua sehemu ya mambo yatakayoisukuma hewa mwezi wa Novemba.

Utafiti huo una historia ndefu. Wavuvi wa Peru waliona zamani kwamba katika miaka fulani maji ya pwani yao huwa ya joto kuliko kawaida karibu na Krismasi, na samaki hupungua. Wakaiita hali hiyo El Niño, yaani Mtoto, kwa kumkumbuka Mtoto Yesu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gilbert Walker, aliyeongoza idara ya hali ya hewa nchini India kuanzia mwaka 1904 hadi 1924, alitafuta sababu za kukosekana kwa mvua za India. Akagundua kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande mmoja wa Bahari ya Pasifiki hushuka upande wa pili, mfano wa mizani. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes akaeleza kwamba joto la maji lililoonwa na wavuvi na mizani iliyoonwa na Walker ni mambo mawili ya jambo moja. Hali iliyo kinyume cha El Niño, maji yanapopoa kuliko kawaida, huitwa La Niña.

Kwa Afrika ya Mashariki, bahari iliyo karibu zaidi ina neno pia. Mwaka 1999 wanasayansi walichapisha maelezo ya mizani ya namna hiyo katika Bahari ya Hindi. Maji yakiwa ya joto upande wa Afrika na baridi upande wa Indonesia, hewa yenye unyevu hupanda juu kwa wingi upande wetu, na vuli huwa nzito. Mizani ikielemea upande wa pili, vuli hupungua. Mara nyingi hali hiyo huandamana na El Niño au La Niña, lakini si lazima.

Elimu hii ndiyo inayotumika katika mkutano wa wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika ya Mashariki, ambao ulianza mwaka 1998. Mkutano huo husimamiwa na kituo cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuangalia ukame, ambacho leo kinaitwa ICPAC. Wataalamu hulinganisha hali ya bahari na kumbukumbu za mvua za miaka mingi, pamoja na hesabu za mashine za kompyuta, kisha hukubaliana juu ya mwelekeo wa eneo zima. Kila nchi hurudi na kutoa tangazo lake, kwa kufuata milima, maziwa na kumbukumbu za vituo vyake.

MIAKA INAVYOFUNDISHA

Mwenye kutaka kuujua uzito wa elimu hii, na mipaka yake, na aiangalie miaka iliyopita.

Mwishoni mwa mwaka 1961, Tanganyika ilipokuwa inapata Uhuru, mvua kubwa mno zilinyesha Afrika ya Mashariki na Ziwa Victoria likapanda sana. Mwaka huo hapakuwa na El Niño. Mizani ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyoelemea upande wetu. Mwaka 1997 El Niño kubwa na mizani ya Bahari ya Hindi vilikutana, na mafuriko yakaharibu barabara, madaraja na mashamba katika sehemu nyingi za nchi. Desemba 2009 na Januari 2010, katika mwaka mwingine wa El Niño, Kilosa ilifurika na reli ya kati ikaharibiwa.

Mwaka 2015 wengi walitishika, kwani El Niño ilikuwa na nguvu za kulingana na ile ya 1997. Mvua zilikuja, lakini maafa ya 1997 hayakurudi kwa kiasi kilichoogopwa, kwa kuwa safari hiyo Bahari ya Hindi haikuelemea kwa nguvu zilezile. Mwaka 2019, ambapo El Niño haikuwa na nguvu, Bahari ya Hindi peke yake ilileta vuli nzito sana. Kisha La Niña ikadumu kuanzia 2020 hadi mwanzo wa 2023. Vuli zikawa hafifu, na mwishoni mwa 2022 maji ya mto Ruvu, ambao una vyanzo vyake Uluguru, yalipungua hata Dar es Salaam ikawekewa mgao wa maji. Mwaka uliofuata El Niño ikarudi pamoja na mizani ya Bahari ya Hindi, na Aprili 2024 mafuriko yaliikumba mikoa ya Pwani na Morogoro.

Upo mwaka mmoja usiopaswa kusahauliwa katika mkoa huu. Januari 2014 mafuriko yalivamia Dumila na Magole wilayani Kilosa, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Mwaka huo hapakuwa na El Niño wala La Niña. Mvua kubwa ya siku chache inaweza kuharibu mali ya watu katika mwaka wowote. Kwa hiyo mtu asikae bondeni bila hadhari kwa sababu tu redio haikutaja El Niño.

MAANA YA ASILIMIA

Hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Mtu achukue misimu ya vuli 30 ya mahali pake na kuipanga kuanzia wenye mvua nyingi hadi wenye mvua chache. Akiigawa mafungu matatu, kila fungu litakuwa na misimu 10. Asiyejua lolote juu ya bahari atasema kila fungu lina nafasi sawa, yaani karibu asilimia 33. Utabiri kutoka mkutano wa wataalamu huzibadili nafasi hizo. Unaweza kusema, kwa mfano, kwamba fungu la mvua nyingi lina asilimia 20, la katikati asilimia 35, na la mvua chache asilimia 45.

Asilimia 45 si hukumu. Ni kama mfuko wenye punje 100 za mahindi, ambamo 45 ni nyekundu, 35 nyeupe na 20 za njano. Mtu akitia mkono bila kutazama, ana nafasi kubwa zaidi ya kutoa nyekundu kuliko rangi nyingine yoyote. Lakini akitoa ya njano, mfuko haukusema uongo. Vivyo hivyo msimu mmoja hautoshi kuuthibitisha wala kuukanusha utabiri. Faida yake huonekana kwa chama kinachoufuata kwa busara miaka kumi, kama vile faida ya akiba isivyoonekana kwa siku moja.

HESABU YA CHAMA

Ufuatao ni mfano, na mavuno yaliyotajwa ni ya mfano tu. Kila chama kiweke takwimu zake. Chama kinataka kuagiza mbegu ya mahindi kwa mkopo. Mbegu ya kwanza huchelewa kukomaa: mvua zikiwa nyingi hutoa magunia 12 kwa ekari, zikiwa za katikati magunia 9, zikiwa chache magunia 2. Mbegu ya pili hukomaa mapema, na hutoa magunia 9, 8 na 5 kwa mpangilio huohuo. Gharama ni sawa, na ili mwanachama alipe mkopo anahitaji magunia 4 kwa ekari.

Ikiwa hapana utabiri, kila hali ina theluthi moja. Mbegu ya kwanza hutoa wastani wa magunia 7.7, na ya pili 7.3. Bodi itachagua ya kwanza.

Ikiwa utabiri ni ule wa asilimia 20, 35 na 45, hesabu hugeuka. Mbegu ya kwanza hutoa wastani wa magunia 6.45 na ya pili 6.85. Tofauti ni ndogo, lakini tazama deni: kwa mbegu ya kwanza, misimu 45 katika 100 wanachama hawataweza kulipa, kwa mbegu ya pili watalipa katika hali zote tatu. Ikiwa utabiri ni wa kinyume, yaani asilimia 45 kwa mvua nyingi, 35 na 20, mbegu ya kwanza hutoa 8.95 na ya pili 7.85. Hapo kung'ang'ania mbegu ya mapema ni kuacha zaidi ya gunia moja kwa kila ekari lipotee.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, utabiri huwa na thamani pale tu panapokuwa na uamuzi unaoweza kubadilika: mbegu gani iagizwe, ekari ngapi zilimwe, mtama uongezwe au la, mbolea itolewe yote mara moja au kwa mafungu. Pili, chama hakilazimiki kuchagua mbegu moja. Kwa kuwa hata asilimia 45 huacha 55 upande mwingine, ni busara kugawa, sehemu kubwa ikifuata utabiri na sehemu ndogo ikibaki kinyume chake. Hali kadhalika, utabiri wa mvua nyingi unahusu ghala na barabara pamoja na shamba. Vyama vya mteremko wa mashariki vinapaswa kukagua paa na kuandaa vichanja vya kukaushia karafuu mapema, na kusafirisha mazao kabla njia hazijakatika.

AMBAYO UTABIRI HAUWEZI KUSEMA

Utabiri wa msimu husema jumla ya mvua kwa miezi kadhaa, pamoja na makisio ya wakati wa kuanza na kumalizika. Hauwezi kusema mvua itanyesha siku gani. Msimu wenye mvua za kutosha kwa jumla unaweza kuwa na wiki tatu za jua kali katikati, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Vipindi hivi vya mvua na ukavu ndani ya msimu hufuata, kwa sehemu, wimbi la mawingu linaloizunguka dunia kuelekea mashariki kwa siku 30 hadi 60, ambalo Roland Madden na Paul Julian walilieleza mwaka 1971. Kwa ajili hiyo Mamlaka hutoa taarifa za mwezi, za siku kumi na za kila siku. Tangazo la Agosti ni la kuagizia mbegu. Taarifa ya siku kumi ni ya kupandia, kupalilia na kutia mbolea. Anayetumia ya kwanza kwa kazi ya pili amekosea chombo.

Ikumbukwe pia kwamba vuli hutabirika vizuri zaidi kuliko masika. Mvua za vuli hufuata sana hali ya bahari. Za masika hazishikamani nayo kwa kiasi hicho. Kwa hiyo bodi iupe utabiri wa vuli uzito mkubwa zaidi katika mikopo, na katika masika itegemee zaidi taarifa za siku kumi.

WAZEE, KIPIMAMVUA NA SOMO LA 1955

Wazee wa Uluguru wana dalili zao: maua ya miti, sauti za ndege, mwelekeo wa upepo, na namna ukungu unavyokaa juu ya vilele. Dalili hizo hazifai kudharauliwa, maana zimetokana na macho ya miaka mingi mahali palepale, pasipo na kituo cha hali ya hewa. Wala hazifai kushindanishwa na tangazo kama timu mbili za mpira. Ziandikwe pamoja na tarehe, kisha zilinganishwe na mvua iliyopimwa. Baada ya miaka kadhaa chama kitajua dalili ipi ina ukweli katika kijiji chake.

Historia ya milima hii ina onyo pia. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 utawala wa kikoloni ulilazimisha matuta ya ngazi katika mashamba ya Waluguru kwa jina la kuhifadhi udongo. Nia ilielezwa kuwa njema, lakini watu waliamriwa bila kusikilizwa, na juhudi za wengi zilipotea katika ardhi isiyofaa kwa matuta hayo. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mradi ukavunjika. Shauri la kitaalamu likitolewa kwa amri hupoteza hata ukweli uliomo ndani yake. Katibu anayesimama mbele ya mkutano na kusema "Serikali imesema mvua hazitakuwapo, msipande" anarudia kosa lile, kwa kuwa hakuna mtaalamu aliyesema hivyo.

WAJIBU WA KATIBU

Kwa hiyo kila chama kinashauriwa kutekeleza yafuatayo:

1. Kuweka kipimamvua mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na kukisoma kila siku saa 3 asubuhi. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi.

2. Kulitunza daftari la mvua kama linavyotunzwa daftari la fedha, na kulikabidhi kwa maandishi katibu anapobadilika. Daftari la miaka 30 ni mali ya chama.

3. Kulipata tangazo lililo la eneo la chama, na kulisoma pamoja na bwana shamba kabla bodi haijaagiza pembejeo.

4. Kuwasomea wanachama nafasi za mafungu yote matatu, si fungu kubwa peke yake, na kuandika katika kumbukumbu za kikao sababu za uamuzi uliofikiwa.

5. Mwisho wa msimu, kulinganisha utabiri, mvua iliyopimwa, mavuno na mikopo iliyolipwa, na kutoa taarifa katika mkutano mkuu.

Shauri hilo la nne lisichukuliwe kuwa dogo. Msimu ukiharibika, wanachama watauliza kwa nini mbegu ile iliagizwa. Kumbukumbu zikionyesha kwamba nafasi zote tatu zilisomwa mbele yao, na kwamba waliamua kwa pamoja, hasara itabaki kuwa hasara ya mvua. Kumbukumbu zisipokuwapo, itageuka kuwa hasara ya uaminifu. Na chama kilichopoteza uaminifu hakiponi kwa vuli moja njema.